Wi-Fi Haivuki Ukuta wa Kulaza

Nyumba nyingi za tofali za saruji zinazojengwa Dar es Salaam siku hizi zina chumba kimoja ambacho Wi-Fi haifiki, na mara nyingi chumba hicho huwa ni cha mwenye nyumba. Ramani ndiyo inayoamua hivyo. Sebule iko mbele, karibu na geti. Faiba inaingilia hapo, na ruta inasukumwa nyuma ya televisheni. Chumba masta kiko nyuma kabisa, mbali na kelele za barabara, na kati yake na sebule kuna jiko, korido, bafu lenye vigae hadi juu na kuta tatu au nne za saruji. Matokeo yake mlinzi aliyekaa barazani anaangalia mpira kwenye simu bila picha kuganda, huku baba mwenye nyumba, anayelipa bili kila mwezi, amejilaza kitandani akikodolea macho kale kaduara kanakozunguka.

Jambo la kwanza analofanya ni kupiga simu huduma kwa wateja. La pili, akishaambiwa kwamba laini yake haina tatizo, ni kupandisha kifurushi. Hapo ndipo pesa nyingi za Watanzania zinapopotea bila kelele. Megabiti 20 zikiwa 50, ukuta ni uleule. Kabla ya kuilaumu kampuni, simama hatua mbili kutoka kwenye ruta upime kasi, au chomeka kompyuta kwa waya kabisa. Ukipata kasi unayoilipia, basi kampuni imetimiza sehemu yake na kesi yako iko kwa fundi mwashi.

Zipo siku ambazo kosa ni la nje kweli. Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika, nchi nyingi za Afrika Mashariki zilihemea juu juu, na hakuna namna ya kuhamisha ruta ambayo ingesaidia. Siku kama hizo ni chache. Siku nyingine zote data inapita chini ya bahari maelfu ya kilomita, inapanda nchi kavu, inapita kwenye nguzo za mtaa wako, inaingia sebuleni ikiwa salama, halafu inashindwa mita nane za mwisho.

Wi-Fi ni redio. Ruta ya kawaida inatangaza kwenye masafa mawili, gigahezi 2.4 na gigahezi 5, na za kisasa zaidi zinaongeza gigahezi 6. Wimbi la 2.4 lina urefu wa kama sentimita 12 na nusu. La 5 ni nusu ya hapo. Kwenye masafa ya 5 kuna nafasi pana, ndiyo maana yanabeba data nyingi kwa mkupuo mmoja, lakini zege linayameza haraka kuliko yale ya chini. Ndiyo maana simu yako inaweza kuonyesha majina mawili ya mtandao ukiwa sebuleni, na ukifika chumbani likabaki moja, tena lile la polepole.

Anayejenga anajua tofauti ya kulaza na kusimamisha. Tofali la inchi sita likisimamishwa, ukuta unakuwa na unene wa inchi sita. Likilazwa, unakuwa inchi tisa. Msingi hulazwa, na mwenye mpango wa kupandisha ghorofa baadaye hulaza nyumba nzima. Ongeza lipu ndani na nje. Mtaani ukuta wa namna hiyo ni sifa: haupitishi kelele, hauingizi joto upesi, na mwizi hautoboi kwa nondo moja. Kwa mawimbi ya redio ni kizuizi ambacho hakijawahi kufikiriwa na mtu yeyote aliyekaa na fundi kupanga ujenzi.

Upotevu huo hupimwa kwa desibeli, na hesabu yake ina ukatili wake. Desibeli kumi zikipotea, inabaki sehemu moja ya kumi ya nguvu iliyokuwepo. Zikipotea ishirini, inabaki sehemu moja ya mia. Ukuta mwepesi wa jipsamu unakula desibeli tatu au nne, yaani unapitisha karibu nusu, na ndiyo sababu video za mafundi wa Marekani zinatudanganya: nyumba zao nyingi ni mbao na jipsamu. Ukuta wa saruji mnene unaweza kula kumi hadi kumi na tano kwenye gigahezi 2.4, na zaidi ya hapo kwenye 5. Kuta mbili za namna hiyo zikifuatana, nguvu inayotoka upande wa pili inaweza kuwa moja ya elfu ya ile iliyoingia.

Watu wengi huzilaumu nondo. Mimi naona zinasingiziwa. Ukuta wa kawaida wa tofali hauna nondo isipokuwa kwenye nguzo na kwenye mkanda wa juu, na hata slabu ya ghorofa, ambayo nondo zake hufungwa kwa nafasi ya sentimita 15 au 20, inaacha matundu ambayo wimbi la sentimita sita linapenya. Zege lenyewe ndilo linalonyonya, hasa likiwa na unyevu, kwa sababu maji hupenda sana mawimbi ya masafa haya. Nyumba iliyohamiwa kabla haijakauka, ukuta wa bafu unaovujiwa na paipu, tangi la maji lililopandishwa juu ya dari: hivyo vina madhara kuliko nondo. Pazia halisi la chuma liko kwingine. Liko kwenye wavu mwembamba unaopigiliwa kabla ya lipu, kwenye mabati, kwenye karatasi ya alumini inayotandikwa chini ya paa kuzuia joto, kwenye mlango wa friji, na kwenye kile kioo kikubwa cha kujitazamia kilichobandikwa ukuta mzima wa chumba masta. Kioo kina utando wa metali nyuma yake. Kinarudisha mawimbi kama kinavyorudisha sura.

Unayoyasoma hapa unaweza kuyashuhudia nyumbani kwako leo jioni bila kununua kitu. Vile vistari vya Wi-Fi juu ya skrini ya simu achana navyo. Kila mtengenezaji wa simu anavichora anavyotaka. Pakua programu ya bure ya kupimia Wi-Fi kwenye simu ya Android, nayo itakupa namba yenye alama ya kutoa mbele yake. Karibu na ruta utaona kama -40. Namba ikifika -60 bado uko salama. Mafundi wengi huchukua -67 kuwa mwisho wa mahali ambapo mtu anaweza kupiga simu ya video bila kukatika. Ukivuka -70 mambo yanaanza kuchechemea, na kwenye -80 jina la mtandao linaonekana lakini hakuna kinachofunguka. Kwenye hiyo -70 simu yako inapokea sehemu moja ya milioni kumi ya miliwati. Cha kushangaza ni kwamba inasikia chochote.

Sasa tembea. Toka sebuleni taratibu ukiangalia namba, simama kwenye kizingiti cha chumba cha mwisho mlango ukiwa wazi. Isome. Halafu ingia hatua moja, jibanze nyuma ya ukuta ule ule uliokuwa ubavuni mwako, subiri sekunde chache namba itulie. Mara nyingi utaiona imeporomoka kwa kumi au zaidi, na wewe umesogea urefu wa mkono tu. Rudi kizingitini, ingia ndani, funga mlango wa mbao. Inashuka mbili au tatu, basi. Hapo ndipo unapoelewa kwamba mawimbi yaliyokuwa yakifika kitandani kwako hayakupita ukutani hata kidogo. Yaliingia kwa mlango.

Jambo hilo linabadilisha swali zima. Anayetafuta ruta yenye nguvu ya kutoboa zege anapambana na kitu kisichopambanika. Anayetafuta njia ya mawimbi kuzunguka, kupitia korido, milango, ngazi na uwazi wa dari, ana nafasi ya kushinda.

Kuzunguka huko kunawezekana kwa sababu mawimbi hudunda. Yanagonga kigae, yanarudi, yanagonga dari, yanakunja kona. Zamani hilo lilikuwa tatizo kubwa kuliko ukuta wenyewe, kwa kuwa mwangwi wa kila uso ulifika kwenye kipokeo kwa kuchelewa kidogo na kuharibu ujumbe. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kundi la watafiti wa CSIRO, taasisi ya taifa ya sayansi ya Australia, likiongozwa na John O'Sullivan, lilikaa kulitatua. O'Sullivan alitokea kwenye astronomia ya redio, ambako aliwahi kusaka mlio hafifu wa mashimo meusi madogo yanayolipuka. Mlio hakuupata, lakini hesabu za kusafisha mawimbi yaliyochafuka alibaki nazo. Wazo lilikuwa kuigawa data katika vijito vingi vya polepole vinavyokwenda pamoja, ili mwangwi unaochelewa usiwahi kuharibu ujumbe unaofuata. Hataza yao ya Marekani ilitoka mwaka 1996, na kampuni za teknolojia zilikuja kulipa zaidi ya dola milioni 400 za Australia kwa kuitumia. Kwa hiyo ile korido ya vigae inayokukera kwa mwangwi wa sauti za watoto ndiyo inayokufikishia mtandao.

Wazee waliojenga Kariakoo, Ilala na Magomeni hawakuijua Wi-Fi, lakini ramani yao inaipokea vizuri kuliko ya kwetu. Nyumba ya Kiswahili ina ukumbi katikati, kutoka mlango wa mbele hadi uani, na vyumba vya kila upande vikiutazama ukumbi huo. Tundika ruta moja juu ukumbini na hakuna chumba kitakachokuwa mbali kwa zaidi ya ukuta mmoja na mlango mmoja. Katika nyumba nyingi za aina hiyo kuta za vyumba hazifiki kwenye paa, na mawimbi yanapita juu kwa njia ile ile inayopitisha maneno ya wapangaji. Ramani ya kisasa, ambayo kila chumba kina bafu lake, imeweka maji, vigae na vioo hasa pale katikati ambapo ukumbi ulikuwa.

Mji Mkongwe wa Zanzibar una mtihani mzito zaidi. Kuta zake ni mawe ya matumbawe na chokaa, unene wa nusu mita na kuendelea, na upana wa vyumba ulipimwa kwa urefu wa boriti za mikoko zilizobeba sakafu. Boriti hazikuwa ndefu, kwa hiyo vyumba vikawa vyembamba na kuta zikawa nyingi. Leo nyumba hizo ni hoteli na nyumba za wageni, na mgeni akifika mapokezi huulizia nywila kabla ya ufunguo. Kutoboa ovyo hakuruhusiwi: mji uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000 na una mamlaka yake ya hifadhi. Hata pasipo sheria, ukuta wa chokaa ukitobolewa vibaya unamomonyoka, na ukipigwa lipu ya saruji unafungia unyevu ndani, jambo linaloharibu ukuta na kuzidi kuyanyonya mawimbi.

Lakini nyumba za Kiarabu za mji huo zina kitu ambacho ghorofa zetu hazina, yaani uwanja wa ndani ulio wazi hadi juu, uliozungukwa na kumbi za kila ghorofa ambako milango ya vyumba inafungukia. Kifaa kimoja cha Wi-Fi kilichofungwa kwenye ukumbi wa ghorofa ya kati, kikitazama uwanja, kinaona milango ya ghorofa tatu kupitia hewa tupu. Mlango wenyewe, hata uwe wa mbao nzito iliyonakshiwa na vifundo vya shaba, unapitisha zaidi kuliko ukuta uliouzunguka. Waya wa kukifikishia kifaa hicho unapita juu ya boriti au kwenye njia za zamani za mabomba, bila kutindua chochote.

Nirudi kwa mwenye nyumba wa bara. Dawa ya kwanza haina gharama: toa ruta nyuma ya televisheni. Fundi wa faiba aliiweka pale kwa sababu ndipo waya wake ulipoishia, na watu wengi hawajui kwamba wanaweza kumwomba aongeze mita kadhaa aifikishe koridoni. Mwombe kabla hajafunga begi lake. Iwekwe juu, usawa wa kizingiti cha mlango au zaidi, nje ya kabati, mbali na friji na maikrowevu. Maikrowevu inatumia masafa yale yale ya gigahezi 2.4, na wakati ubwabwa wa jana unapashwa moto mtandao wa jikoni unaweza kuyumba. Antena zikisimama wima zinasambaza pembeni, kwa watu wa sakafu moja. Kama kuna ghorofa, laza moja. Mnaoishi kwenye majengo ya Kariakoo au Upanga, ambako simu inaorodhesha mitandao ya majirani hadi kidole kinachoka, chagueni chaneli 1, 6 au 11 kwenye masafa ya 2.4, maana hizo tatu haziingiliani.

Watu wakishafanya hayo na chumba cha mwisho kikabaki vilevile, huenda dukani. Kitu cha kwanza wanachouziwa ni repita, kale kadude keupe kenye antena mbili kanakochomekwa kwenye soketi. Hununuliwa kwa bei rahisi na hufungwa chumbani, mahali pale pale ambapo mtandao haufiki. Vistari vinajaa. Mtandao haufunguki. Vile vistari vinaonyesha nguvu ya mawimbi kati ya simu na repita, siyo kati ya repita na ruta. Kadude kanapiga kelele chumbani lakini kenyewe hakasikii kitu cha kurudia. Repita inatakiwa kukaa njiani, mahali ambapo mawimbi bado yana afya, kwa kawaida koridoni karibu na mlango. Hata hapo, ile yenye redio moja tu inasikiliza kwanza kisha inasema, kwa hiyo kasi inapungua hadi karibu nusu.

Wengine wanaambiwa wanunue ruta kubwa yenye antena nane kama buibui aliyegeuzwa. Ruta inaweza kupaza sauti ikasikika hadi kwa jirani, lakini mawasiliano ni ya pande mbili, na simu mfukoni mwako ina redio ndogo inayobana betri. Unaisikia ruta, yenyewe haikusikii. Ukituma picha ya WhatsApp inazunguka, inazunguka, na vistari vimejaa vyote.

Mfumo wa vifaa viwili au vitatu vinavyoshirikiana, unaoitwa meshi, ni mzuri zaidi na ni wa bei. Unakuwa na jina moja la mtandao nyumba nzima, na simu inahama kutoka kifaa kimoja kwenda kingine unapotembea. Kwenye nyumba ya kulaza una udhaifu mmoja usiosemwa dukani: vifaa hivyo navyo vinazungumza wenyewe kwa wenyewe kwa redio, na ukuta unavikuta palepale. Zipo pia adapta zinazosafirisha mtandao kwenye nyaya za umeme za nyumba. Nyumba yenye nyaya nzuri zinafanya kazi; yenye umeme wa fezi tatu, ambako soketi ya sebule na ya chumbani ziko kwenye fezi tofauti, zinasuasua, na zikichomekwa kwenye ekstensheni yenye kinga ya umeme hazipendi kabisa.

Msimamo wangu hauna chenga: kwenye nyumba ya zege, dawa ya mtandao usio na waya ni waya. Vuta kebo moja kutoka kwenye ruta hadi ndani ya chumba kisichofikiwa, ifungie kifaa kidogo cha Wi-Fi mwisho wake, na ugomvi na ukuta umekwisha, kwa sababu tundu la milimita nane limepitisha kile ambacho redio imeshindwa. Kebo ya Cat5e au Cat6 inabeba gigabiti moja kwa sekunde hadi mita 100, umbali ambao nyumba za watu wa kawaida haziufikii. Tena ukuta uliokuwa adui unageuka mlinzi: kila chumba kinakuwa na hewa yake safi, mawimbi ya jirani hayaingii, na yale masafa ya gigahezi 5 yaliyokuwa yakifia koridoni sasa yanafanya kazi kwa kasi yake yote.

Kifaa cha mwisho wa kebo si lazima kiwe kipya. Ile ruta ya zamani iliyo kwenye droo inafaa. Ingia kwenye mipangilio yake, zima DHCP ili isigawe anwani, ipe yenyewe anwani tofauti na ya ruta kubwa, ipe jina na nywila zilezile za mtandao, kisha chomeka kebo kwenye tundu la LAN, siyo lile la WAN lenye rangi ya pekee. Kazi ya kikombe kimoja cha chai.

Kwenye kebo ndipo wanunuzi wanapopigwa. Sokoni kuna nyingi ambazo nyaya zake ni alumini iliyopakwa shaba kwa juu. Zinaonekana sawa, zinauzwa kwa jina lilelile, na kwa mita chache zinafanya kazi. Kwa umbali zinapoteza, zikipitishiwa umeme zinapata joto, na zikikunjwa mara mbili tatu zinakatika. Kabla hujalipa, muombe muuzaji kipande, menya uzi mmoja na uukwangue kwa kisu. Shaba halisi ni nyekundu hadi ndani. Ukiona weupe, rudisha. Na fundi akifika wa kukaza vichwa, simama umwangalie: anachomoa nyaya nane zilizosokotwa mbili mbili, anazinyoosha kwa kidole gumba, anazipanga kushoto kwenda kulia, chungwa-nyeupe, chungwa, kijani-nyeupe, bluu, bluu-nyeupe, kijani, kahawia-nyeupe, kahawia, anazikata sawa kwa koleo, anazisukuma hadi ncha zote nane ziguse mwisho wa kichwa, ndipo anabana. Mpangilio uwe huohuo pande zote mbili. Uzi mmoja ukikosa kugusa, kebo inaweza kushuka hadi megabiti 100 na hakuna atakayejua kwa nini.

Kuna sababu nyingine ya kupenda waya katika nchi ambazo umeme una mambo yake. Watu wengi wameshanunua betri ndogo ya kuwashia ruta umeme unapokatika. Ukiwa na repita na meshi vyumbani, ruta inabaki hai na vifaa vingine vyote vinakufa, na chumba masta kinarudi gizani mara mbili. Kebo inaweza kubeba data na umeme pamoja: swichi ya PoE inakaa kando ya ruta, inalisha vifaa vya koridoni na ghorofani kwa nyaya zilezile, na betri moja inatosha yote. Hapo ndipo kebo ya alumini inapokuumbua.

Wenye ruta za laini za simu wana mkanganyiko wao. Ruta hiyo inataka dirisha linalotazama mnara, kwa sababu mawimbi ya mnara nayo yanatoka nje na kukutana na ukuta uleule na mabati yaleyale. Wi-Fi inataka katikati ya nyumba. Huwezi kuiweka pote pawili. Iache dirishani, hata ghorofani ikibidi, halafu vuta kebo hadi kifaa cha pili koridoni. Ukiilazimisha ruta moja ikae katikati ili kila mtu aipate, kila mtu atapata kitu ambacho chenyewe hakipati.

Mpangaji hana ruhusa ya kutindua, na wenye nyumba wengine hawataki hata msumari. Kebo bapa ipo, nyembamba kiasi cha kupita chini ya mlango na kufuata ukingo wa sakafu. Ikibandikwa vizuri nyuma ya kabati haionekani, na siku ya kuhama unaikunja unaondoka nayo.

Anayejenga sasa hivi ndiye mwenye bahati, na ndiye ambaye huwa haulizi. Mwaka huu tu nimeingia kwenye nyumba zilizowekewa paipu za kiyoyozi, paipu za kamera, paipu za king'amuzi kila chumba, na hakuna hata moja ya mtandao. Wakati kuta ziko uchi, kabla ya lipu, mwite fundi umeme na umwonyeshe sehemu moja ya kukusanyia, kwa mfano juu ya kabati la koridoni, pasipo na joto la jiko wala maji. Kutoka hapo zitoke paipu: moja hadi pale faiba itakapoingilia kwenye ukuta wa nje, moja kwenda juu ya paa kwa ajili ya antena ya kesho, moja hadi dari ya korido ya kila ghorofa, moja hadi nyuma ya televisheni, moja chumba masta. Zisiwe pamoja na paipu za umeme. Ziachane sentimita 20 au 30. Kona zipindwe kwa duara, zisivunjwe kwa pembe kali, maana kebo ya faiba haikunjwi kama kamba ya mbuzi. Pesa za paipu hizo hazifiki bei ya kutindua ukuta mmoja wenye vigae miaka mitatu baadaye. Na mwambie fundi aache waya wa kuvutia ndani ya kila paipu, afunge midomo yote kwa nailoni kabla mafundi lipu hawajaingia, kwa sababu saruji ikishamwagikia humo paipu haina kazi tena.